Siku Niliyoomba Nifukuzwe

Furaha wangu,

Nakusikia ukicheka kwa Mama Solange, ng'ambo ya ua. Bado hajamaliza kukusuka, na nimemwomba asikuharakishe. Nataka niimalize barua hii mwanga wa alasiri ukiwa bado dirishani. Utaisoma hapa hapa mezani, mimi nikikuangalia, kisha utaitia kwenye makaa ya mbabula ambako mama yako anakaanga sambaza, samaki wako wadogo wa njiani. Haitoki nyumbani. Kesho pale mpakani wanaweza kufungua begi, wanaweza kufungua simu, na sitaki wakute hata neno moja kati ya haya. Ningependa kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu juzi, lakini kila nikianza sauti inakatika, nawe unadhani ni huzuni ya safari. Si huzuni, mwanangu. Ni woga.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukueleza: sweta, karatasi, nani wa kumshikisha begi na nani wa kumkwepa. Sina la kuongeza. Langu ni moja. Ni kuhusu jina langu kuondolewa kwenye Isuka, na yale uliyonisikia nikimwambia kijana wa shati jeupe ukiwa nyuma ya pazia. Najua hujanisamehe. Unaniamkia vizuri, unaniletea chai, lakini tangu wakati ule hujanionyesha tena mstari hata mmoja wa kazi yako. Zamani ulikuwa unakuja na kompyuta mkononi kabla hata sijavua viatu.

Uliikuta Isuka nyumbani kama ulivyokuta meza na viti, kwa hiyo hukuwahi kuuliza ilitoka wapi. Niliianza ukiwa bado unabebwa mgongoni. Nilikuwa nafundisha hesabu, na jioni natengeneza kompyuta za watu. Mtandao wa Goma ulikuwa dhaifu, na wa Masisi ulikuwa dhaifu zaidi. Ujumbe wa mama yangu kutoka kule milimani ulikwama njiani, ukafika vipande vipande, au haukufika kabisa. Nikaandika kwa lugha ya C kazi ndogo ya kukunja maneno yawe mafupi kabla ya kutumwa, na nyingine ya kuyakunjua yakifika. Siku moja bibi yako alikuja kututembelea, akaniona nimeinamia kibodi asubuhi hadi jioni, akauliza ninalima nini. Ndiyo maana nikaipa jina la jembe kwa Kinyarwanda.

Nikaiweka wazi mtandaoni, kila mtu aisome, aichukue, airekebishe akitaka. Watu wa kazi yetu wanaiita maktaba, ingawa haina vitabu: ni rundo la kazi ndogondogo ambazo programu za wengine huziita zinapozihitaji. Sikudhani mtu angeichukua. Ikachukuliwa. Ikaingia ndani ya programu za watu ambao sitawaona maishani, na mwisho ikaingia kwenye ile programu ya ujumbe ambayo wauguzi, mapadri na watu wa kambi za Mugunga wanaiaminia siri zao.

Wewe ulikua ukiwa pajani pangu, ukisoma kwa sauti maonyo ya kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Watoto wengine walikuwa wanasoma matangazo ya barabarani. Wewe ulikuwa unasema, "Papa, inasema hapa umeomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine na hujairudisha." Nilikuwa nimechoka nikitaka kulizima lile onyo, twende tukale. Ukanikatalia. "Si inakuambia ukweli? Unaifunga mdomo kwa nini?" Mama yako alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku ile sikuwahi kuzima onyo la kompaila, na leo unaondoka kwenda kuwatengenezea watu kompaila yenyewe. Nisikudanganye, ninajivuna. Lakini kujivuna ndiko kulikotuletea yule kijana mlangoni, na hapo ndipo ninapotaka kukufikisha.

Kwanza nikurudishe kwenye volkano.

Ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Tulikuwa bado tunakaa kule juu, kwenye barabara ya Kibati. Jioni mbingu ilikuwa nyekundu, na mwanzoni tulidhani ni ule wekundu wa kila siku wa mlima. Kisha tukasikia watu. Hawakuwa wanapiga kelele. Ilikuwa miguu tu, miguu ya watu wengi sana wakishuka, na magodoro vichwani, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizopakiwa vyungu na wazee. Mama yako alikufunga kitenge mkononi, upande wa pili akajifunga mwenyewe, akasema, "Ukikifungua nitakuchapa." Hajawahi kukuchapa maishani. Ndivyo nilivyojua kwamba na yeye anaogopa.

Tulipita mjini, tukashika njia ya Sake, tukasimama Mugunga kwa sababu miguu yako ilikuwa imevimba. Ardhi ilikuwa inatikisika chini yetu kama kitanda cha mtu mwenye homa. Kesho yake mchana, jirani aliyekuwa amebaki nyuma alitufikia. Sikumuuliza. Alinishika tu bega akasema, "Papa Furaha, nyumba yako haiko tena. Ni jiwe."

Mama yako alililia nyumba. Mimi nililia pia, lakini nakuambia leo kilichonikaba kilikuwa kitu kingine, nikaona aibu kukisema. Kila toleo jipya la Isuka lilihitaji saini yangu. Si saini ya kalamu. Ni ufunguo, namba ndefu ya siri inayowathibitishia watu wa mbali kwamba toleo limetoka kwangu na si kwa mwizi. Ufunguo huo ulikuwa kwenye kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ilikuwa chini ya jiwe. Watu walikuwa wameniomba zamani niwape wengine nakala, tuwe wengi. Nilijibu kwa heshima, sikuwapa. Nilipenda kuwa mtu pekee. Mwalimu wa hesabu wa Goma, na dunia inangoja saini yake.

Tukiwa bado Mugunga, simu ikanifikisha ujumbe kwamba mtu fulani amegundua tundu ndani ya Isuka. Ukiipelekea ujumbe uliotengenezwa kwa hila, ilikuwa inaandika nje ya nafasi iliyoombwa, na mwenye hila angeweza kuingia kwenye simu ya mtu kupitia hapo. Nilijua kosa liko wapi palepale, nimesimama kwenye tope. Nilikuwa nimesahau kupima urefu wa maneno kabla ya kuyakunjua. Dawa yake ilikuwa mistari michache. Nikaiandika kwenye simu kwa kidole kimoja, nikaituma. Hakuna aliyeipokea. Kwao nilikuwa mtu yeyote anayejiita mimi, anayeandika kutoka anwani ngeni, hana saini, na anawahimiza waharakishe. Mwizi naye angeandika hivyo hivyo. Walikuwa na haki, na mimi nilikuwa napiga teke mawe kama mtoto.

Ndipo akanipigia Zuhura. Unamjua kwa jina, na najua jina hilo linakufanya nini usoni. Vumilia. Alikuwa mtu wa Tanga anayefanya kazi Nairobi, na ndiye aliyekuwa akiifungasha Isuka kwa ajili ya mifumo ya watu wengine. Tulikuwa tumeandikiana kwa miaka bila kusikia sauti. Kiswahili chake kilikuwa kile cha pwani, kilichonyooka, nikaona haya na changu.

"Samahani kwa kukusumbua katika msiba," akasema. "Lakini sina namna ya kujua kama ni wewe."

"Mama, nikuonyeshe nini? Nyumba imeungua."

"Usinionyeshe kitu. Nieleze tundu hilo liliingiaje."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba wakati ninaandika sehemu ile ulikuwa na malaria, nikawa nainuka kila mara kukupoza kwa maji, na niliporudi mezani nilidhani nimekwisha kupima urefu. Nikamwambia niliwahi kuipita sehemu ile mara nyingine nikaona haijakaa sawa, nikaiacha kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Nilizungumza muda mrefu, kelele za watu zikiwa pande zote.

"Ni wewe," akasema. "Mtu anayejifanya wewe angejitetea."

Akaipokea dawa, akawashawishi wengine kwa jina lake, tundu likazibwa. Baadaye tulipopata nyumba hii ya Kyeshero na kompyuta nyingine, tukapanga upya. Yeye akawa na ufunguo wake, mimi wangu. Kila mmoja wetu angeweza kutoa toleo. Na kila mmoja angeweza kuwatangazia watu kwamba saini ya mwenzake imekufa, wasiipokee tena. Niliiandika sheria ile nikifikiria moto na ajali ya mashua. Watu sikuwafikiria.

Sasa nifike kwenye vita, na hapo nitapita haraka, kwa sababu ulikuwepo. Mabomu yalianzia Sake yakatusogelea. Tulilala chini ya meza hii hii ninayoandikia. Umeme ukakatika, maji yakakatika, mtandao ukakatika, na milio ilipokoma ukimya wake ukawa mbaya kuliko milio. Tulipotoka mji ulikuwa na wakubwa wapya. Uliona tulichokiona njiani, nami sitakiandika.

Kijana wa shati jeupe alikuja mchana, watu wakiwa wameanza kuthubutu kufungua maduka. Aliwaacha wenzake wenye bunduki kwenye geti. Alibisha hodi, alivua kofia, alinisalimu kwa Kinyarwanda, kwa ule upole wa kwetu milimani, kama mtoto wa jirani anayeleta maziwa. Lugha ya mama yangu, Furaha. Kuna watu mjini humu wanaotuangalia vibaya kwa sababu ya lugha hiyo, na sasa huyu alikuwa ananiangalia kama mali yake kwa sababu hiyo hiyo. Mama yako akaleta chai.

"Muzee, tunajua kazi yako," akasema, akihamia Kiswahili. "Tuko na heshima sana kwako. Pale kanisani walituambia."

Unakumbuka siku ile ya shukrani kanisani, niliposimama mbele nikaeleza kwamba kazi ya mikono yangu iko ndani ya simu za watu wa nchi nyingi? Watu walipiga vigelegele. Nilitembea wiki nzima kifua mbele. Mtu mmoja kati ya wale waliopiga vigelegele alimsimulia mtu, na huyo akamsimulia mtu mwingine. Hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyetangaza.

"Ni kazi ndogo tu, mwanangu," nikamwambia.

"Hapana, muzee. Batu wote wanapita kwako. Hatuombi kitu kikubwa. Ni mulango mudogo tu."

"Mlango gani?"

"Wa kusikiliza. Kuna batu hapa mujini wanatuma maneno ya uongo inje. Tunataka tu kujua ni nani. Wewe utaweka mulango, na saini yako, basi. Hakuna mutu atajua."

Nikamwambia kazi hiyo inahitaji mtandao, na mtandao hakuna. Akasema wataleta mtandao wao. Nikamwambia nina macho mabovu. Akatabasamu. Kisha akatazama ukutani, kwenye picha yako ya sare ya shule.

"Huyu ni mutoto wako? Na yeye anajua hii kazi?"

Hapo ndipo uliponisikia. Nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Nikasema, "Huyu? Huyu hajui kitu. Kichwa chake kigumu. Anapenda kuimba tu kwaya." Nililisikia pazia likitikisika. Ulikuwa umekwisha kurekebisha Isuka sehemu ambazo mimi nilishindwa. Ulikuwa umeandika chombo chako mwenyewe cha kuchungulia ndani ya kompaila na kuonyesha mahali nafasi inaporudishwa mara mbili. Na baba yako alikuwa anakuita mpumbavu mbele ya mgeni, anacheka. Ningeweza kukufuata baadaye nikueleze. Sikuthubutu. Kama ungejua, uso wako ungejua, na wangerudi wakakutazama usoni.

Akasema atarudi baada ya siku chache na kompyuta na mtandao. Alinishukuru kwa chai.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata mama yako hajalisikia. Nilikaa nikijiuliza nitafanya nini akirudi. Nilitaka kuamini kwamba nitakataa, kwamba nitasimama kama watu wa kwenye mahubiri. Lakini najijua. Kama wangenipiga, labda ningevumilia kidogo. Kama wangekuleta wewe na kukusimamisha hapa mbele yangu, ningewapa mlango. Ningewapa mara moja, na ningewaandikia vizuri, bila kosa, kwa sababu ndivyo ninavyojua kuandika. Na wale wauguzi, na wale mapadri, na watu wa kambini wanaoandika majina ya waliochukuliwa, wangesikilizwa mmoja mmoja, wakafuatwa majumbani. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa moja: atakaporudi, akute mtu asiye na cha kumpa.

Lakini kama ningeua saini yangu mwenyewe, wangejua nimefanya makusudi. Ilibidi wengine waniue.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda ziwani na mabidoni ya maji? Mji mzima ulikuwa pale ukichota, kwa kuwa mabomba yalikuwa makavu. Nilikuambia uchote taratibu, na ukikasirika unikasirikie kwa sauti. Kisha nikakuacha, nikaenda kujikunja nyuma ya mawe kama mtu anayejisaidia. Ulinigombeza mbele za watu, "Papa, mimi nibebe yote peke yangu?" Ulifanya vizuri kuliko ulivyojua. Nilikuwa na simu ndani ya soksi. Pale ufukweni mtandao wa ng'ambo ya mpaka hufika, unakuja na kupotea. Vidole vilikuwa baridi, na nilikuwa nageuka nyuma kila neno.

Nilimwandikia Zuhura: Saini yangu imekufa leo. Chochote kitakachokuja kwa jina langu, usikipokee, hata nikikuomba kwa sauti yangu. Na unifukuze. Unifukuze kwa aibu, waziwazi, kwa uzembe. Sema ulianza kunionya zamani.

Alijibu haraka. "Wamekushika?"

Nikaandika: Usiulize. Nifukuze.

Mtandao ukapotea, nikangoja. Nilisikia ukiniita. Mwanajeshi mmoja alikuwa anatembea polepole kando ya maji akiangalia akina mama. Simu ikatikisika mkononi.

"Jina lako litachafuka," alikuwa ameandika. "Halitasafishika tena, unajua?"

Nikaandika: Lichafue sana.

Nikaizamisha simu ziwani, nikarudi kwako, nikabeba mabidoni mawili makubwa, nawe hukusema nami hadi nyumbani.

Kijana alirudi kama alivyoahidi, na kompyuta, na sahani ya kupokea mtandao kutoka angani. Wewe mama yako alikuwa amekutuma kwa shangazi. Akafungua ukurasa wa Isuka nitie saini, akakuta tangazo. Zuhura alikuwa amefanya kazi kamili. Aliandika kwamba mtunzaji wa zamani ameondolewa, kwamba kwa muda mrefu amekuwa mzembe, hajibu, anaacha matundu wazi na kuhatarisha watu, na kwamba saini yake haitambuliwi. Aliutaja ule ubishi wangu wa kabla ya volkano, nilipokataa kugawana ufunguo, na huo ulikuwa kweli, ndiyo maana uliniuma. Chini yake watu niliowasaidia kwa miaka walikuwa wameandika yao. Kijana alinisomea yote kwa sauti, polepole, akifurahia Kiingereza chake.

"Kumbe muzee, hata wenzako hawakutaki."

Nikaanza kulalamika. Niliwatukana wote. Kisha nikamwomba anitafutie kazi kwa wakubwa wake, kazi yoyote, nikamshika mkono wa shati. Nilimwona akinidharau. Uso wake ulifungwa kama duka. Furaha, sijawahi kupendwa na mtu kwa namna iliyonifaa kama nilivyodharauliwa na yule kijana siku ile. Akakunja vitu vyake.

Mlangoni akageuka. "Na ule mutoto wako wa kwaya, anaimbaga kanisa gani?"

Nikataja kanisa ambalo si lako. Alipoondoka nilikaa chini sakafuni, na nilipoinuka nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba utaondoka Goma. Ulidhani nimechoka kukuona nyumbani.

Mtandao uliporudi ulilisoma tangazo. Ulikuja mezani ukiwa unalia. "Papa, bamekufukuza kama mwizi na wewe unanyamaza? Huyu Zuhura si alikuwa rafiki yako?" Nikasema mambo yanapita. Ukaniita mwoga. Ni kweli, ni mwoga, hukukosea. Kisha ukamwandikia Zuhura ukamwita nyoka, ukaapa hutaigusa Isuka tena. Alikujibu maneno mawili, "Pole, binti," ukaona ni dharau.

Mama atakayekusubiri Nairobi mbele ya ofisi ya mabasi, yule ambaye barua ya kazi inamtaja kama mtu wa timu tu, ni Zuhura. Ndiye aliyekutafutia nafasi. Alionyesha chombo chako kwa watu wa kompaila bila kusema ni cha nani, nao ndio waliouliza mwenyewe yuko wapi. Sikutaka ufike pale ukamkuta, ukageuza mgongo katikati ya mji usioujua. Msalimie. Mwache akukumbatie akitaka. Usimshukuru kwa maneno mbele za watu.

Unakwenda kufanya kazi kubwa kuliko yangu, na hilo linaniogopesha kuliko njia, kuliko mpaka. Mimi nilishika programu moja. Anayeshika kompaila anashika kila kitu kinachopita ndani yake. Kuna siku mtu mpole atakuja. Huenda hatakuwa na bunduki getini. Huenda atakuwa na kazi nzuri ya kukupa, au atakusaidia kwa miaka miwili hadi uchoke kumchunguza. Sitakuambia uwe jasiri, kwa sababu mimi sikuwa. Ninakuomba tu usikubali kuwa mtu pekee anayeweza. Panga kazi yako namna kwamba hata ukishikwa, hata ukiwa tayari kutoa yote, huna cha kutoa bila mwenzako kuona. Mimi nilikuja kulijua hilo jirani yangu alipotaja jiwe, na hata hivyo sikulielewa hadi siku ya chai.

Sasa ombi langu, na ndilo gumu. Najua moyo wako. Ukifika mahali penye mtandao mzuri na usalama, utataka kuandika ukweli. Utataka watu wale wote wajue baba yako alifanya nini, waombe radhi, jina lirudishwe. Usiandike. Mimi na mama yako tunabaki hapa. Yule kijana bado anapita barabara hii, na juzi alinipungia mkono. Ninaishi kwa sababu anaamini mimi ni mzee mzembe niliyefukuzwa na wenzangu. Siku atakapojua sivyo, hatabisha hodi.

Kwa hiyo utakutana na watu wa kazi yetu, nao watakapolisikia jina lako la pili watauliza kama una undugu na yule wa Isuka. Sema ndiyo. Wakisema alikuwa mzembe, kubali. Wakicheka, cheka kidogo nao, kama nilivyocheka mimi siku ile mbele ya picha yako. Najua itakuuma. Iliniuma hivyo hivyo.

Mama Solange amesema amemaliza kukusuka. Nasikia viatu vyako uani. Ingia, ukae, usome. Usinitazame kwanza.

Papa